Mazulia Kumi na Moja

"Mia tatu na tano, toa mia moja ishirini na nane," alisoma Chiriku, kisha akaandika jibu chini ya mstari kwa kipande cha chaki kifupi kuliko kucha. Mia mbili ishirini na tatu. Akageuka, akasubiri.

Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Alikuwa amesimama katikati ya safu, amebanwa na magoti ya watoto, maana darasa la nne B halikuwa na mahali pengine pa mtu mzima kusimama. Watoto tisini na mmoja, madawati ishirini na mawili. Dawati la wawili lilikaliwa na wanne, na watatu waliozidi waliketi sakafuni chini ya ubao, kwa zamu, wiki hii hawa, wiki ijayo wale.

"Nani amepata kama Chiriku?"

Mikono zaidi ya hamsini ikapanda.

"Haya, mama, tueleze. Ulipitaje mpaka ukafika hapo?"

Chiriku walimwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko. Akasema tano toa nane haitoki, kwa hiyo yeye akatoa tano kwenye nane, ikatoka.

"Mimi nikija kwako una chaki tano, nikakuomba nane, utanipa tatu?"

"Siwezi kukupa nane, mwalimu. Sinazo."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakopa kwa jirani."

"Haya, nenda kwa jirani."

Chiriku akaangalia tarakimu ya pembeni. Sifuri. Akakunja uso. "Jirani mwenyewe hana kitu!"

Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka nao, kwa sababu kweli ilichekesha. Lakini alimwona mtoto anavyoutazama ubao. Macho yale aliyajua, ni ya mtu aliyeshika uzi na bado hajaona unaelekea wapi. Hapo hapo kengele ya mapumziko ikalia. Watoto kumi wakapaza sauti, "Tufute, mwalimu?"

"Sheria inasemaje?"

"Aliyekosea ndiye anayefuta!" wakajibu wote, hata wale wa sakafuni.

"Basi iacheni hapo. Chiriku akishamwona huyo jirani, atafuta mwenyewe."

Kwa sheria hiyo shule nzima ilimwita Mwalimu Kifutio. Kifutio chenyewe kilikuwa kipande cha godoro kilichovikwa kitambaa, mama yake ndiye aliyekishona. Mama huyo alikuwa fundi cherehani, na binti yake alipokuwa akijifunza kushona, akipindisha mshono, mama hakumfumulia hata mara moja. Alimrudishia nguo pamoja na wembe. Fumua mwenyewe, mwanangu, nikikufumulia mimi hutajua ulipopotelea. Mambo ya nyumbani hayo, na mwalimu hakuwahi kuyafikiria kama elimu.

Ndiyo maana falsafa ilimshinda.

Ngoja nieleze. Mwalimu huyu alikuwa na mwaka wa tatu akifanya kazi kwa barua ya muda. Ili athibitishwe, faili lake lilitakiwa liwe na karatasi sita. Tano alikuwa nazo. Ya sita iliitwa "Falsafa Yangu ya Ufundishaji", ukurasa mmoja, na siku ya mwisho kuipokea ilikuwa leo, saa nane mchana. Asipoileta, barua yake inakufa mwisho wa mwezi, na kwa kuwa hakuna mwalimu mwingine anayeletwa, watoto wake tisini na mmoja watahamishiwa nne A kwa mwenzake mwenye themanini na tisa. Mia moja na themanini, ubao mmoja. Wiki tatu alikuwa akikaa na karatasi hiyo mezani, akiandika "Mimi ninaamini" kisha kalamu inasimama. Anaamini nini? Yeye anajua kufundisha kutoa. Falsafa ni ya watu wenye miwani.

Ofisini, mwalimu mkuu alimsubiri mlangoni akipangusa jasho.

"Mwalimu, afisa elimu anakuja leo mwenyewe kukusanya mafaili. Lako bado lina pengo. Usinitie aibu, tafadhali. Mimi nina watoto wanasoma."

"Na mimi nina tisini na mmoja, mkuu."

"Unaona? Maneno hayo hayo ndiyo nisiyoyataka mbele ya mgeni."

Chumba cha walimu kilikuwa na Mstaafu peke yake, mwalimu wa darasa la sita. Jina hilo alibandikwa kabla ya wakati. Alikuwa bado ana miezi mitatu kustaafu, lakini alikuwa akihesabu siku tangu mwaka juzi. Alimwangalia binti huyu anavyokuna kichwa, akatikisa chake.

"Binti yangu, unajitesa bure. Nenda pale steshenari karibu na kituo cha mafuta. Mwambie unataka falsafa. Dakika tano."

"Falsafa ya nani?"

"Yako! Anaweka jina lako juu. Sisi wote tumechukua pale. Walimu kumi na mmoja, hakuna aliyerudishwa hata mmoja."

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Shule hii wote walikuwa wamenyolewa na kinyozi mmoja.

Alikwenda. Nani asingekwenda? Mwanamume wa steshenari alikuwa amezungukwa na mashine mbili, moja inafanya kazi na nyingine imelaliwa na paka.

"Kaka, naomba... wanasema una falsafa."

"Za walimu au za wauguzi?"

"Za walimu."

"Jina?" Akaandika. Mashine ikakohoa, ikatema ukurasa. "Samahani dada, bei imepanda kidogo. Wino siku hizi ni kama dawa ya hospitali."

Akausoma amesimama pale pale. Yalikuwa maneno mazuri, jamani, tusiseme uongo. Kila mtoto ni ua la kipekee katika bustani ya elimu. Darasa langu lina wanafunzi ishirini na watano. Ubao wangu huwa safi wakati wote. Katika kona ya vitabu, juu ya zulia, kila mtoto huchagua kitabu anachokipenda.

"Zulia?" alisema. "Nani kaandika hii?"

"Sijui, dada. Ilikuwa humu ndani nilipoinunua hii kompyuta."

"Na mimi sina zulia."

"Hakuna anayesoma, dada yangu. Wanaangalia kama ipo." Akamtupia jicho la huruma. "Saini hapo chini. Kalamu bure."

Hakusaini pale. Lakini aliikunja vizuri, akaitia kwenye mkoba, na njia nzima ya kurudi alijiambia kwamba ua ni ua na bustani ni bustani, atasaini akifika, watoto wapone. Mtu mwenye barua ya muda hana ubavu wa kuchagua maneno.

Alipokaribia darasa lake akasikia kimya. Darasa la watoto tisini na mmoja likiwa kimya, ujue kuna jambo.

Afisa elimu alikuwa amewahi. Alisimama mbele ya ubao na viatu vyake vyenye vumbi la shule tatu alizopitia tangu asubuhi, mwalimu mkuu nyuma yake ameshikilia mafaili kama mtu aliyebeba mayai. Mkononi mwa afisa palikuwa na kile kifutio cha godoro. Ubao ulikuwa mtupu.

"Wewe ndiye mwenye darasa? Nimekuta hesabu ya uongo imeachwa ubaoni kwa mapumziko mazima. Mia mbili ishirini na tatu! Mzazi akipita dirishani atasema nini? Ubao ni uso wa shule, mwalimu."

"Ilikuwa yangu," ikasema sauti kutoka dawati la tatu.

Afisa akageuka.

"Ile hesabu ilikuwa yangu," Chiriku akarudia. Alikuwa amesimama. "Nilikuwa sijamaliza kukosea."

Wengine wakacheka, ila si kwa sauti kubwa. Mwalimu mkuu akafumba macho.

"Kaa chini," afisa alisema, wala hakusema kwa ukali. Alikuwa mtu aliyechoka tu. "Mwalimu, tuna mambo mengi. Falsafa yako iko wapi?"

Mkono wa mwalimu uliingia kwenye mkoba. Uliishika karatasi. Ungetoka nayo, na hadithi hii ingeishia hapo, kama asingepitisha macho kwa wale watatu wa sakafuni wanaoshirikiana kitabu kimoja kilichopoteza jalada na kurasa za mwanzo. Akasema, kwa adabu kabisa, "Mheshimiwa, kabla sijatoa. Tumeomba vitabu mara nne. Kitabu kimoja tunasoma watoto kumi na wawili. Na madawati."

Afisa akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole.

"Shule hii? Aa, ninyi hamwezi kuletewa. Ninyi mko vizuri. Kona za vitabu, kumi na moja. Mazulia, kumi na moja. Wastani wa darasa, wanafunzi ishirini na watano. Kuna shule zina shida, mwalimu."

"Nani kasema tuna mazulia?"

"Ninyi wenyewe. Ofisi haina gari la kuzunguka kuhesabu. Tangu mwaka juzi tathmini tunaichukua kwenye falsafa zenu. Zimeandikwa, zimesainiwa. Ushahidi gani tena?"

Mwalimu alimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa akiitazama dari. Basi ndiyo hivyo! Miaka miwili watoto hawa wamekaa wanne wanne kwa sababu ya zulia ambalo halijawahi kufumwa, lililotoka kwenye kompyuta ya mitumba, na kila mwalimu aliyetaka kula mkate wake kwa amani alikuwa ameongeza lake juu ya yale ya wenzake. Na la kumi na mbili lilikuwa hapa, kwenye mkoba, limekunjwa vizuri. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto.

"Ngoja kidogo, mheshimiwa," alisema. "Saa nane bado. Nitakuletea."

Aliwapa watoto zoezi la ukurasa mmoja, akakaa kwenye kiti chake chenye mguu wa kufunga kwa waya, akachana karatasi katikati ya daftari. Wiki tatu kalamu ilikuwa imegoma. Sasa ilikimbia mpaka mkono ukauma. Hakuandika "ninaamini" hata mara moja. Aliandika anachofanya.

Saa nane kasoro dakika kumi ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa imejaa. Afisa mezani na soda yake, mafaili kumi na moja yamepangwa, mhuri na kidau cha wino pembeni. Walimu walikuwa wamesimama ukutani wakisubiri kuruhusiwa, na Mstaafu alikuwa kwenye kiti pekee kilichobaki, kwa heshima ya umri. Mwalimu aliweka karatasi yake mezani.

"Imeandikwa kwa mkono," alisema afisa.

"Mwongozo unasema ukurasa mmoja. Haukusema mashine."

Afisa akaisoma. Midomo yake ilikuwa ikitembea na maneno, na kadiri alivyoendelea sauti ikaanza kutoka, mpaka mwisho chumba kizima kikawa kinasikia:

"Nina wanafunzi tisini na mmoja na madawati ishirini na mawili. Sina zulia. Mtoto wangu akikosea ubaoni hapigwi, hachekwi kwa dharau, na hakuna anayemfutia, hata mimi. Anatueleza njia aliyopita. Akiona alipopotelea anafuta kwa mkono wake, na kosa hilo halimrudii. Nimefundishwa hivyo na mama yangu, fundi cherehani, ambaye hakunifumulia mshono hata mmoja. Njia hii ni ya polepole na mada nyingine sizimalizi. Ninajua kila mtoto wangu anakosea vipi, isipokuwa kumi na wanne wa nyuma ambao kwa wingi wetu sijawafikia mwaka huu. Hilo ni kosa, na si lao, wala si langu."

Afisa akaiweka chini. Akazungusha chupa ya soda mezani.

"Mwalimu, unaandika vizuri. Lakini hii siyo falsafa, ni malalamiko. Tufanye hivi." Akachukua kalamu nyekundu, akamsogezea. "Futa hapa, tisini na mmoja. Futa madawati na hilo zulia. Na huu mstari wa mwisho, futa wote. Ukisaini pembeni nagonga mhuri, unathibitishwa, tunakwenda nyumbani. Mimi sina ugomvi na wewe. Na mimi nina wakubwa juu yangu."

"Mwalimu, futa," akasema mwalimu mkuu kwa sauti ya chini. "Mistari miwili tu."

Aliitazama ile kalamu. Nitakuwa mwongo nikisema hakuogopa. Alimfikiria mwenye nyumba, akawafikiria watoto mia moja na themanini kwenye ubao mmoja.

"Mheshimiwa, nimehesabu watoto leo asubuhi. Ni tisini na mmoja. Hapo sijakosea."

"Sijasema umekosea. Nimesema ufute."

"Darasani kwangu aliyekosea ndiye anayefuta." Akamrudishia kalamu, polepole, akaiweka juu ya daftari lake kubwa. "Kama kuna kosa hapo, mwenye nalo alifute yeye. Aweke na saini yake pembeni."

Mtu aliyekuwa ukutani alikohoa. Afisa akaishika kalamu, akaisogeza mpaka kwenye namba, akasita. Ukiufuta ukweli kwa mkono wako na kusaini, siku moja mtu atakuja kuuliza saini hii ya nani, na watu wa maofisini wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Kalamu haikugusa karatasi. Badala yake alifungua faili la mwalimu, akaandika juu ya jalada, Haijakamilika, akalifunga.

"Barua yako inaisha mwisho wa mwezi. Usiseme hukupewa nafasi."

"Nilipewa," alisema mwalimu. "Naomba karatasi yangu ibaki humo humo kwenye faili."

"Itabaki."

Alikuwa amegeuka kuondoka aliposikia kiti kikiburuzwa. Mstaafu alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha juu ya meza, kiganja wazi.

"Mheshimiwa, niombe na langu mimi."

"Lako limeshagongwa mhuri, mzee. La kiinua mgongo hilo. Limekamilika."

"Halijakamilika. Kuna zulia mle ndani." "Nimefundisha miaka thelathini na minne, sijawahi kuona zulia shuleni. Hilo kosa ni langu. Nipe kalamu nilifute."

"Mzee wangu, miezi mitatu tu—"

"Kalamu, mwanangu."

Kati ya wale kumi waliobaki, tisa walitazama viatu vyao. Mmoja alitazama dirishani. Siwalaumu sana, kila mtu na mzigo wake. Ila nimesema walitazama viatu, na nimesema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mstaafu aliinama mezani, akachora mstari mwekundu juu ya zulia, wa pili juu ya ishirini na watano, akaandika sabini na saba, akasaini mara mbili. Saini ya pili ikapinda. Afisa alichukua lile daftari kubwa, akakaa nalo, asijue hata pa kuanzia: kumi na moja yalikuwa yamekuwa kumi, na hesabu yote ya chini haikwenda tena.

Mwalimu alivuka uwanja kurudi darasani. Kilikuwa kimebaki kipindi kimoja. Alitaka kulia, lakini alikuwa na siku kumi na tisa za shule mpaka mwisho wa mwezi, na watoto wa nyuma kumi na wanne. Akagawanya kichwani akiwa anatembea. Hata mmoja kwa siku, wangepita wote na siku tano zingebaki.

Alifungua mlango.

Ubaoni palikuwa na mia tatu na tano, toa mia moja ishirini na nane. Chini ya mstari, kwa mwandiko ule ule uliolalia upande wa kushoto, mia mbili ishirini na tatu. Imerudishwa yote, kosa na kila kitu. Chiriku alikuwa amesimama kando yake, kifutio cha godoro amekikumbatia kifuani, na kwa jinsi vumbi la chaki lilivyomjaa kwenye nyusi ilionekana amesimama hapo muda mrefu.

"Nani kaandika tena?"

"Mimi. Yule baba alinifutia kabla sijajua." Chiriku akaonyesha sifuri kwa kidole. "Mwalimu, nimeona sasa. Jirani yangu hana kitu. Lakini na yeye ana jirani."

Mwalimu akaenda kusimama mahali pake, katikati ya magoti.

"Haya, mama," alisema. "Tueleze."